Anko wa Sehemu ya Pili

Daktari wa koo kule Migori aliniambia nichague: niendelee kupiga kelele, au niendelee kuwa na sauti. Nilichagua sauti, na ndiyo sababu nimestaafu kutafsiri filamu kabla sijaota mvi hata moja. Wazazi wangu pale Rodi Kopany wanasema mtu hawezi kustaafu kazi ambayo haikuwa kazi. Niliwauliza basi nilikuwa nikifanya nini miaka yote ile Muhuru Bay. Bado wanatafuta jibu.

Ninyi mnaoshika maiki sasa mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mmeniuliza pia, tena na tena, swali mnalobishania kila filamu ya mashujaa inapotoa sehemu ya pili: je, ya pili ni bora kuliko ya kwanza? Mnanitajia magari yanayoruka, adui mpya, picha kali. Mimi siwezi kujibu kabla hamjaniambia ni nani aliyewatafsiria ya kwanza. Nitaeleza kwa nini, ila kwa mpangilio, maana mimi huchoshwa na watu wanaoanza hadithi kwa kuitolea hukumu.

Nilifika Muhuru na shahada ya isimu na kinasa sauti cha kuazima. Nilitaka kurekodi jinsi watu wa mpakani wanavyochanganya lugha, kwa ajili ya masomo ya juu ambayo sikuyamaliza. Watu wakaniambia niende kwenye ukumbi wa video wa Mama Beryl, kuna mtu pale anayezungumza lugha tatu kwa pumzi moja. Ukumbi ulikuwa wa mabati, viti vyake mbao zilizopigiliwa juu ya magogo, na kila mlango ulipofunguliwa harufu ya dagaa wa ziwani, omena, iliyoanikwa nje iliingia bila tikiti. Kando ya televisheni alikaa mwanamume mwembamba, maiki imevalishwa soksi ya mtoto ili mate yasipige kelele. Huyo alikuwa Obura.

Kwenye kioo cha televisheni, adui alisema maneno mawili. Obura akasema sentensi nzima, kisha nyingine, na watu wakaanguka kwa kicheko. Filamu ilipokwisha nilimngoja nje.

"Yule mtu hakusema hayo," nikamwambia.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ondoka hapa.'"

"Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema aondoke kabla hajazikwa na viatu vyake, na kwamba shemeji zake tayari wanagombania baiskeli."

"Sasa si aliondoka?"

Akaniuliza mimi ni nyar wapi, binti wa wapi. Nikasema Rodi Kopany.

"Nyar Rodi, wewe unauliza kama polisi wa barabarani. Kesho kuja na hayo maswali yako. Lakini kuja mapema, nikuonyeshe jenereta inawashwa aje."

Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya ajira.

Mambo mengi aliyonifundisha mnayajua, au mtayajua koo likianza kuuma. Usitafsiri filamu ambayo hujaitazama peke yako kwanza, mlango umefungwa. Usishindane na mlipuko. Ungoje uishe ndipo useme. Kila mtu kwenye kioo mpe jina ambalo mtu wa nyuma kabisa anaweza kulishika. Rimoti iwe mkononi, si mfukoni. Na ujue mwezi. Omena huvuliwa kwa taa kwenye giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa, maboti hukaa ufukoni na wavuvi hukosa la kufanya. Wiki hiyo ndiyo mavuno ya mtafsiri. Filamu kubwa haionyeshwi wiki nyingine yoyote.

Nilimwuliza kwa nini tunatumia Kiswahili wakati wengi ukumbini ni Wajaluo na Wasuba. Akasema kuna Wakuria wanaoshuka na ng'ombe, kuna Watanzania wanaovuka kuja kununua samaki, na kwamba kwa Kiswahili kila mtu pale alikuwa mgeni kidogo, kwa hiyo hakuna aliyejiona mwenye nyumba. Chuoni nililipia muhula mzima kusikia jambo hilo likisemwa vibaya zaidi.

Filamu iliyomfanya Obura kuwa Obura ilikuwa ile ya kijana anayepita ukutani. Kijana ni maskini, anaosha vyombo hotelini. Kuna mzee mpole, fundi wa mashine, na ndani ya stoo yake kuna suti ya kijivu. Anayeivaa hupita kwenye ukuta kama ukuta ni moshi. Siku moja mzee akiwa amesinzia, kijana anaingia stooni, anaichukua suti na kuondoka nayo. Haombi. Anaivaa, anaokoa mji. Mzee anapogundua, anacheka tu.

Kijana humwita mzee huyo "anko". Kwa Kiingereza, anko ni ndugu wa baba, ni ndugu wa mama, ni mume wa shangazi, na ni jirani yeyote mwenye upara. Sisi lugha zetu haziruhusu uvivu huo. Ni baba mdogo, au ni mjomba? Filamu haikusema. Obura akasema mjomba.

Hakulisema ovyo. Kwa Wajaluo, mtoto wa dada yako ni okewo, na okewo akifika kwa mjomba ana ruhusa ambazo hata watoto wa nyumba hiyo hawana. Akitaka kuku anakamata. Akipenda koti lililoning'inia anavaa na kwenda. Mjomba atalalamika, lakini kwa utani, na hakuna atakayetamka neno mwizi. Kijana alipotoka stooni na suti ya watu, ukumbi ulipiga makofi. "Okewo amefika!" walipiga kelele. Tangu siku hiyo jina la shujaa lilipotea. Kila mtu alimwita Okewo, na kuna boti moja ilipakwa jina hilo kwa rangi nyekundu.

Nilimwuliza Obura ushahidi wake uko wapi.

"Angalia mzee anavyocheka," akasema. "Huyo angekuwa baba mdogo, si angemchapa?"

Nilisoma baadaye malalamiko ya watu wa mbali kuhusu filamu hiyo: eti shujaa anaanza safari yake kwa wizi na hakuna anayemuuliza. Muhuru hakuna aliyekuwa na shida hiyo. Neno moja la Obura lilikuwa limeiziba kabla haijavuja.

Kisha ikaja sehemu ya pili, na ilikuja wakati mbaya. Juu ya barabara kulikuwa kumefunguliwa ukumbi mwingine wenye kioo kikubwa, unaonyesha mpira na filamu zenye sauti ya asili na maandishi chini. Wateja wetu walianza kupungua. Mama Beryl, ambaye kwa miaka yote alikaa mlangoni na hakuwahi kutazama filamu hata moja hadi mwisho, alimwita Obura mbele yangu.

"Jaduong', mzee wangu, mimi sina ubaya na wewe," akamwambia. "Mbalamwezi hii ukinijazia nyumba, tunaendelea. Usiponijazia, naweka dishi ya mpira. Mpira haina haja ya mtu wa kuongea."

Obura aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa mvuvi zamani, mpaka kamba ya wavu ilipomkaza mkono wa kushoto na vidole viwili vikabaki vimekunjika. Hakuweza tena kuvuta wavu. Maiki aliishika kwa mkono wa kulia. Hakuwa na kazi nyingine, na sote watatu tulijua.

Tulitazama sehemu ya pili asubuhi, mlango umefungwa, yeye na kikombe chake cha chai. Nitasema ukweli wangu: kwa Kiingereza chake, ni filamu dhaifu kuliko ya kwanza. Ni ndefu. Ina maadui wawili ambapo mmoja angetosha. Karibu na mwisho, mji ukiwa unaungua, kijana anaikunja suti, anaiacha mlangoni kwa yule mzee, kwa sababu eti amechoka. Nilikuwa nimeanza kulalamika kuhusu hilo nilipoona kwamba Obura hanisikilizi. Alikuwa bado amekwama kwenye picha za katikati, mahali ambapo msichana anarudi kutoka ng'ambo na kijana anampenda.

Akarudisha nyuma. Wale wawili wakabusiana tena juu ya paa.

"Huyo msichana ni wa nani?"

"Binti ya mzee."

"Wa kuzaa?"

"Ana pua yake."

Obura akasimamisha picha, akaweka kikombe chini. "Anataka kuoa mtoto wa mjomba wake."

"Mtoto wa anko wake," nikasema. "Mjomba ulisema wewe."

"Wewe Nyar Rodi."

"Waambie tu ukweli. Kizungu kilisema anko, na anko inaweza kuwa rafiki ya baba. Kwisha."

"Kwisha aje? Nikiwaambia hakuwa mjomba, ile suti aliiba. Okewo wao anakuwa mwizi. Na nikisema bado ni mjomba, anaoa dada yake, maana kwetu mtoto wa mjomba ni dada." Alikitazama kioo, pale midomo miwili ilipokuwa imeganda. "Mwizi ama mwenye kuvunja mwiko. Hiyo ndiyo wametuletea."

Nilipenda kumshinda kwa hoja, lakini hapo niliona kwamba hoja yangu ilikuwa nzuri na haitusaidii chochote. Neno lake halikuwa la pambo. Filamu nzima ya kwanza ilikuwa imelala juu yake. Mwishowe tulikubaliana kwamba, kwa mara ya kwanza, tutatumia maiki mbili, na mimi nitakuwa sauti ya msichana. Msichana atasema kwamba mzee alimchukua akiwa mtoto yatima, kwamba hawana damu moja. Sikulipenda wazo hilo. Lilikuwa langu.

Alasiri ile ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa chini mbele ya viti. Wiki ile ya mbalamwezi wauza omena hawakuwa na samaki wa kuanika, wakaja wote pamoja, wakiongozwa na Min Atoti, mama mwenye sauti ya kupanga bei. Nyuma walikaa wavuvi, na katikati yao Otis, kijana ambaye angeweza kubishana na redio. Mama Beryl alikuwa mlangoni, akihesabu kwa macho.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Obura alikuwa moto. Kisha paa likaja, na busu, na ukumbi ukavuta pumzi kwa pamoja. Nikasogeza maiki na kusema kwa sauti nyembamba, "Mimi si wa damu yake. Mzee aliniokota nikiwa mtoto mchanga, akanilea."

"Simamisha!" Otis alikuwa amesimama juu ya kiti. "Nyar Rodi, amelelewa wapi?"

"Kwa mzee," nikajibu, bado kwa sauti ya msichana.

"Amekula ugali ya nani?"

"Ya mzee."

"Basi huyo ni dada yake! Hata ukiokota mtoto kwa soko, akikula kwako ni wako!"

"Ni kwer!" mtu akapiga kelele, yaani ni mwiko, na wengine wakaitikia. Wanaume wawili wakaanza kusukumana kuelekea nje. Niliona Mama Beryl akimtazama Obura juu ya vichwa vya watu. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu ambaye ameshanunua dishi moyoni.

Obura akasimamisha picha na kuwasha taa. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo katikati ya filamu.

"Mimi ndiye nilisema mjomba," akawaambia, bila maiki. "Kizungu ilisema anko."

Wale wawili wa mlangoni wakageuka.

"Anko ya wapi?" Min Atoti akauliza. "Ya mama ama ya baba?"

"Ya heshima tu. Mzee alikuwa rafiki ya babake."

"Kwa hivyo si mjomba."

"Si mjomba."

"Na suti?" Otis akasema.

Obura akaigeuza rimoti mkononi.

"Na suti, Obura? Kama si mjomba, ile suti alichukua kama nani?"

Mtu wa nyuma akajibu polepole, "Aliiba."

Kelele zikaisha kabisa. Nimewahi kuona watu wakikasirika ukumbini, wakirusha maganda ya njugu, wakidai pesa zao. Hili lilikuwa baya zaidi. Walionekana wamefiwa.

"Na mimi nimeandika jina yake kwa boti," akasema mwenye boti.

"Andika Mwizi," mwenzake akamwambia, na wachache wakacheka, si sana.

Min Atoti akainua mkono wake. "Ngojeni kwanza. Obura, msichana anampenda?"

"Anampenda."

"Na baba yake anajua suti ilichukuliwa?"

"Anajua."

"Basi mnalia nini? Huyu kijana anataka kuoa. Unaweza kuenda kwa wakwe ukivaa kitu yao? Arudishe kwanza. Aje na shati yake mwenyewe, hata kama imeraruka, aongee kama mwanaume."

"Mama, adui bado iko," Otis akasema. "Mji inaungua."

"Iungue kidogo. Wakwe kwanza."

Hapo ukumbi ukagawanyika. Kuna waliosema kweli, arudishe. Kuna waliosema hao Wazungu hawana habari ya wakwe, hatarudisha ng'o, tutatazama bure. Obura alinigeukia, nami nilikuwa tayari nikimtazama. Sisi wawili tu mle ndani tulikuwa tumeiona filamu hadi mwisho.

Obura akazima taa, akaiachilia picha.

Sehemu iliyofuata aliitafsiri kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia kwake kamwe. Hakuongeza kitu. Hakuna baiskeli, hakuna shemeji. Mtu kwenye kioo aliposema maneno matatu, Obura alisema matatu. Mji ulianza kuungua, na ukumbi ukawa unangoja jambo lingine kabisa. Kisha kijana akatokea kwenye kijia cha nyumba ya mzee, amevaa fulana yake ya kuoshea vyombo, suti ya kijivu imekunjwa mikononi.

"Yaye," Min Atoti akasema chini chini. "Anaileta."

Kijana akaiweka mlangoni. Akabisha. "Sitaki tena kuwa mtu huyu," Obura akasema, neno kwa neno.

Walisimama wote. Nasema wote: wauza omena, wavuvi, Wakuria wa mstari wa ukutani. Kiti kimoja kikaanguka. Mzee akafungua mlango, akaitazama suti, akamtazama kijana, na kwa Kiingereza akamwita "mwanangu". Nilidhani sasa tumepata undugu mwingine wa kutuharibia. Obura alisita kidogo tu, kisha akalisema kama lilivyo.

"Mwanangu! Amemwita mwanangu!" Otis alikuwa akimpiga jirani yake mgongoni. "Huyo sasa ni mkwe!"

Na mzee akainama, akaiokota suti, akamvalisha kijana kwa mikono yake mwenyewe. Kwa Kiingereza, sehemu hiyo ni ya kurudisha mambo mahali pake ili vita vya mwisho vianze. Pale Muhuru, kitu kilichochukuliwa kilikuwa kimegeuka kitu kilichotolewa, mbele ya mashahidi. Vita vya mwisho hakuna aliyevisikia. Nafikiri Obura hakuvitafsiri hata. Tulikuwa tunapiga kelele sisi sote.

Mama Beryl akaingia akisukuma watu. "Kwa nini wamesimama? Wanavunja viti?"

"Amerudisha suti," nikamwambia.

"Nani?"

"Okewo. Lakini si okewo tena."

Alinitazama kana kwamba nimelewa. Akautazama ukumbi, akamtazama Obura, ambaye alikuwa amekaa na maiki mapajani, amelowa jasho.

"Kesho mnaonyesha saa ngapi?" akauliza.

Tuliionyesha mbalamwezi nzima. Watu walirudi wakileta wengine, na wale wengine waliambiwa mlangoni kwamba mzee si mjomba, waelewe kabla ya kukaa. Dishi Mama Beryl alinunua hata hivyo, kwa ajili ya Jumamosi. Obura alibaki na siku nyingine zote.

Kwa hiyo mkiniuliza, nitasema ya pili ilikuwa bora, na nitaongeza kwamba siamini mtengenezaji wake alikusudia hivyo. Pengine alikuwa na dakika za kujaza. Niliitazama tena Homa Bay, kwa rafiki niliyesoma naye, kwenye televisheni kubwa, sauti yake ya asili. Kijana alipoiweka suti mlangoni, rafiki yangu alisema hapo ndipo filamu ilipoharibika, akaenda jikoni kuangalia chai. Nilijaribu kumweleza. Nilianza na neno anko, nikafika kwa kuku wa mjomba, nikafika kwa wakwe, na chai ikawa imepoa. Alisema hadithi yangu ni nzuri kuliko filamu. Nilimwuliza ni ipi aliyoitazama yeye, na tukaachia hapo.

Baada ya siku ile nilitafsiri na Obura kwa miaka, sauti mbili, mpaka koo langu likagoma. Yeye bado anaongea. Mtu wa rika lake, asiyekunywa dawa yoyote ila chai ya tangawizi, amenizidi, na hachoki kunikumbusha.

Juzi alinipigia simu. Nilisikia jenereta nyuma yake na watu wakigombania viti.

"Nyar Rodi, ya tatu imefika. Nimeitazama leo asubuhi. Kuna jamaa mpya, kijana anamwita 'brother'. Sasa niambie wewe uliyesoma: ni ndugu ya tumbo moja, ama ni ya kanisa, ama ni ya barabarani?"

Daktari amenikataza kuongea sana kwa simu. Nikamjibu kwa ufupi.

"Angalia kwanza kama kuna kitu amechukua."